Sentensi Niliyoimeza Mbele ya Babu Yako

Ghati mwanangu,

Mmeondoka na mama yako saa nane kwenda Bomani kununua ndoo, mashuka na sijui nini tena, na mimi nimebaki hapa nje na daftari la shule. Habari za neti, za nauli, za kutokuweka simu mfuko wa nyuma, mama yako ameshakuambia tangu juzi, na nikizirudia utasema baba naye uzee umeanza. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka minane, na najijua: nisipoliandika leo, kesho nitakusindikiza stendi, nitakuambia "soma kwa bidii" kama baba mwenye akili zake, kisha nitarudi nyumbani nikiwa mwongo yuleyule.

Usimkasirikie mama yako kwa hili ninaloanza nalo. Mlipokuwa mnapalilia mahindi mwezi uliopita alikuuliza kwa nini umeng'ang'ania famasia wakati ualimu ulikuwa wazi na sisi tungejua namna ya kukusaidia. Ukamjibu, "Nataka nijue vipimo, mama. Nisije nikaua mtu tena." Mama yako akaacha jembe palepale. Jioni akiwa anakamua aliniambia, bila kunitazama, "Mtoto anaamini yeye ndiye aliyemuua babu yake. Miaka yote hii. Wewe ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

Sasa nisome vizuri, maana mimi ni mwalimu na najua wanafunzi wanavyoruka mistari. Hukumuua babu yako. Dawa uliyokuwa ukimchemshia siyo iliyomuua. Kama kuna mtu wa nyumba hii aliyemfupishia mzee siku zake ni mimi baba yako, wala sikuhitaji dawa. Nilinyamaza tu mahali pa kusema. Kisha nikakuacha wewe, mtoto, ubebe mzigo wangu, kwa sababu ulikuwa umeshaubeba na mimi nilikuwa naona aibu kunyoosha mkono na kuupokea.

Ulikuwa darasa la sita. Unaukumbuka ule mkutano uwanjani kwetu shuleni, tulipotoa madawati ya darasa la nne nje? Walikuja watu wa misitu pamoja na daktari mmoja wa kike anayeshughulika na dawa za asili, kijana, mwenye miwani, mpole. Wakati ule watu hapa Nyarero walikuwa wanaimaliza miti ya omoiri, ule mti mrefu wenye gome jeusi ambalo ukilikwangua ndani ni jekundu. Wageni wale waliuita mcheri wa porini. Vijana walikuwa wanabandua gome kuzunguka shina lote, magunia yanavuka mpaka wa Sirari, na mti unabaki umesimama umekufa. Wageni wale hawakuja kutangaza utafiti wao. Walikuja kutuomba tuuhurumie mti, na kutueleza kile ambacho sayansi inakijua juu ya gome lenyewe, linasaidia nini, halisaidii nini, na lina hatari gani.

Wazee wetu Kiswahili wanakisikia ila hawakiamini. Kwa hiyo mwenyekiti akasema mwalimu Marwa atafsiri. Nilivaa koti, Ghati. Jua lile, nikavaa koti.

Babu yako alikaa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, na kulia kwake Mzee Matiko waliyetahiriwa naye. Nyuma yao wazee wengine wa rika lao. Upande wa pili kina mama, na miongoni mwao mama mkwe wangu, nyanya yako wa Natta, aliyekuwa amekuja kututembelea.

Daktari alianza vizuri na mimi nikamfuata vizuri. Akasema gome hili limetumika tangu zamani sehemu nyingi za Afrika, na ng'ambo wanalitengenezea vidonge kwa wanaume ambao tezi dume imevimba. Nikatafsiri, kwa kuzunguka kidogo, nikasema "ugonjwa wa wazee wa kuamka usiku," na wazee wakanielewa. Akasema waliolijaribu kwa utaratibu wa kitaalamu waliona nafuu kwa baadhi ya watu, mkojo unatoka kwa urahisi zaidi, safari za nje zinapungua. Ila nafuu ni ya wastani, na mengi ya majaribio yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Nikatafsiri. Akasema usalama wake kwa jumla umeonekana si mbaya, wachache walisumbuliwa na tumbo, lakini hayo ni ya vidonge vilivyopimwa, na hakuna mtu aliyepima kile kinachochemshwa kwenye sufuria zetu. Nikatafsiri. Akasema mbegu na majani ni jambo jingine, ukiviponda vinatoa harufu ya uchungu, na ndani yake mna sumu, watoto wasichezee na mbuzi wasile. Hapo nilitia chumvi yangu, nikamtaja mbuzi wa mwenyekiti, watu wakacheka. Nilikuwa najiona mtu mkubwa sana.

Ndipo akasema ile sentensi. Nakuandikia yote. Alisema, "Gome hili halitibu saratani ya tezi dume. Linaweza kumpa mtu nafuu ya mkojo huku saratani inaendelea ndani, akadhani amepona. Kwa hiyo mzee yeyote mwenye shida ya kukojoa, kabla hajanywa kikombe cha kwanza, aende hospitali apimwe damu, na daktari aingize kidole kwenye njia ya haja kubwa aipapase tezi. Ni dakika moja tu." Kisha akanigeukia akasubiri.

Wewe umelelewa hapa, unajua haya yetu ilivyo. Mimi mpaka baba anakufa sikuwahi kukalia kitanda chake. Sikuwahi kuoga mtoni yeye akiwa upande wangu. Mambo ya mwili chini ya kitovu hayatajwi mbele ya baba, wala mbele ya rika la baba, na mama mkwe akiwepo ndiyo kabisa. Na siku ile wote walikuwepo, wamenikodolea macho. Mimi ndiye nilitakiwa kumwambia baba yangu mzazi, kwa Kikurya, kwa sauti ya paredi, kwamba akavue suruali mbele ya daktari na aingizwe kidole. Kwa Kiswahili maneno hayo ni ya hospitali. Kwa lugha ya nyumbani, kutoka kinywani mwa mtoto wa kiume, yanaitisha kikao cha ukoo.

Nilimtazama babu yako. Alikuwa ananitazama kwa fahari, mtoto wake, koti, wageni. Nikameza mate. Nikasema, "Daktari anasema mti wa baba zetu ni mzuri. Msizidishe tu."

Wakapiga makofi.

Daktari alishangaa. Akaniuliza pembeni, "Mwalimu, mbona imekuwa fupi?" Nikamjibu, "Kikurya ni lugha ya mkato, daktari." Akacheka, mtoto wa watu, akaniamini. Ghati, Kikurya lugha ya mkato? Umewahi kumsikia shangazi yako Wankuru akieleza alivyokwenda kisimani na kurudi?

Aliniachia na vipeperushi, rundo zima, kwa Kiswahili chepesi, nigawe nyumba kwa nyumba. Ndani kulikuwa na mchoro unaoonyesha tezi iko wapi na inapimwaje. Nilivifungia kwenye kabati la ofisi ya walimu. Nilijiambia nitavigawa kwa wanaume peke yao, siku nzuri ikipatikana. Unajua siku nzuri ya namna hiyo huwa haipatikani, na mimi nilijua.

Sasa kilichofuata unakijua kuliko mimi. Sikujua kwamba baba alikuwa na shida tayari. Nani angeniambia? Mimi mtoto wake hawezi, mama yako mkwe wake ndiyo kabisa. Lakini mjukuu ni mtu wa utani. Alikuwa anakuita "mke wangu," na mke wake ndiye aliyeambiwa kwamba mzee anaamka mara tano na akisimama hakitoki kitu. Alisikia mtoto wake mwenyewe akitangaza kwamba mti ni mzuri. Akakata gome, akakupa ulitwange kwenye kinu, ulichemshe kwenye sufuria ndogo, umpelekee kikombe kimoja cha bati jioni. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulifanya kwa uangalifu kuliko mhudumu wa zahanati. Nilikuwa nakuona ukipita na kile kikombe umekishika kwa mikono miwili, harufu yake kali, chungu kama kichuri, ule mchuzi wa utumbo wa ng'ombe, na moyo wangu ulikuwa unafurahi. Nilisema, tazama, mtoto anamtunza babu.

Na mzee akapata nafuu! Hiyo ndiyo iliyotumaliza. Baada ya wiki kadhaa alikuwa analala. Alikuwa anakusifia kwa kila anayepita njiani, kwamba mke wake ni daktari. Mimi nikiyasikia hayo, ile sentensi ilikuwa inanipitia kichwani, "akadhani amepona," neno kwa neno, na mimi nilikuwa naifukuza. Nilikuwa najiambia si kila mzee ana saratani. Ni kweli, si kila mzee. Wengi wao ni uvimbe wa kawaida tu. Lakini namna ya kujua ilikuwa ipo, nilikuwa nayo mimi peke yangu kijiji kizima, imefungiwa kabatini na funguo mfukoni.

Mgongo ulipomwanza ulikuwa kidato cha kwanza. Alisema ni kazi za ujana zinadai. Akakuambia uongeze konzi moja ya gome, ukaongeza. Najua hapo ndipo panapokuuma. Mwaka uliofuata miguu ikavimba, akawa hainuki, na tulipomfikisha hospitali wakakuta saratani ya tezi dume imeshaingia mifupani. Daktari wa pale aliniuliza, "Shida ya mkojo ilianza lini? Mbona hakuletwa?" Nikamjibu, "Wazee wetu wabishi, daktari." Baba yangu amelala pale kitandani, anasikia, hakuna tone la ubishi alilowahi kulifanya juu ya jambo hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi nikamtupia yeye.

Mimi nimesahihisha methali ya "mficha maradhi kifo humuumbua" mara nyingi kuliko nywele zangu. Nimeiwekea vema nyekundu. Mzee hakuficha kitu, Ghati. Aliyeficha ni mwanawe msomi.

Kisha msiba. Watu wamekaa, wewe unapita na sinia la vikombe. Shangazi Wankuru, kwa uchungu wake, dada yangu yule akiwa na uchungu anatafuta wa kumtupia, akasema kwa sauti, "Si walisema wasizidishe? Mtoto kaachiwa dawa, mtoto kazidisha." Ukasimama. Sinia halikutikisika hata kidogo. Ukanitazama mimi.

"Msizidishe" lilikuwa neno langu. Daktari hakulisema hata mara moja. Nilijitungia mimi kuziba pengo la ile sentensi, na sasa lilikuwa limerudi na kumkamata mwanangu mbele ya ukoo mzima. Nilitakiwa kusema maneno machache tu. "Wankuru, nyamaza, mtoto hana kosa." Hata bila kueleza mengine! Lakini nilijua nikifungua hapo itabidi nifungue pote, wataniuliza kosa ni la nani. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye majonzi. Ukapita na sinia.

Tangu siku hiyo sijakuona ukitia chumvi kwa mkono. Unatafuta kijiko, unasawazisha kwa kidole, unatia. Majani ya chai, kijiko. Mama yako alikuwa anakutania kwamba utaolewa na duka la mizani. Mimi nilikuwa naondoka mezani kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuhitaji kutazamwa. Miaka mitano, mwanangu. Kuna siku nilikaa nawe nikusaidie mada ya ngeli, umekaa hapa hapa pembeni yangu, nikafungua kinywa, na nilichosema ni kwamba mwandiko wako umepungua. Mungu wangu.

Mama yako aliponiuliza lile swali pale kwenye kukamua, nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe," akachukua ndoo akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha zaidi ya chakula tayari. Sikumlaumu.

Siku ya nne nilifungua kabati. Vipeperushi vipo, panya wamekula pembe. Nikachukua kimoja nikaenda nacho hospitali mjini, nikamtafuta daktari, kijana tu, umri kama wa mjomba wako mdogo. Nikamweleza habari ya babu na yako. Nikamuuliza moja kwa moja, mtoto anaweza kuwa alimuua?

Nakuandikia alichojibu pamoja na mashaka yake, kwa sababu safari hii sikati sentensi ya mtu. Alisema saratani inayokutwa mifupani haikuanza jana, na inawezekana kabisa ilikuwepo kabla hujashika kinu. Alisema madhara ya gome hilo yanayojulikana zaidi kwa waliofuatiliwa ni ya tumbo, kichefuchefu, kuharisha, si ya kuua. Alisema hawezi kuniapia juu ya sufuria ambayo hakuna aliyeipima, na waliofuatiliwa hawakufuatiliwa kwa miaka mingi. Alisema hata maabara wamejaribu kuzimwagia seli za saratani maji ya gome hilo na zikapungua kasi, na watu wakisikia hivyo hukimbilia kusema ni tiba, lakini sahani ya maabara si mwili wa mzee. Kisha akasema, "Mwalimu, kilichomuua babu kinajulikana. Ni saratani iliyochelewa. Mwambie binti yako hivyo, na mwambie leo." Nikaitikia ndiyo. Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita, na leo ndiyo naandika. Ndivyo nilivyo.

Halafu akaniuliza umri. Nikamwambia hamsini na sita. Akasema kwa kuwa nimefika, na kwa hayo niliyomsimulia, ingefaa na mimi nipimwe. Nikaanza kumweleza kwamba nina kipindi saa sita. Akavaa glavu akanisubiri.

Nilivua, Ghati. Nakuandikia wewe binti yangu maneno ambayo baba hamwandikii binti, na uso wangu unawaka hapa nilipo, lakini haya hii hii ndiyo imetufikisha hapa kwa hiyo na iungue. Nililala ubavu nikakunja magoti. Nilihesabu kimoyomoyo. Dakika moja haikufika. Nilipokuwa nafunga mkanda nikaanza kulia, kilio cha sauti, mtu mzima, na yule kijana wa watu akahangaika akidhani ameniumiza. Sikuweza kumwambia kwamba hakuniumiza hata kidogo. Majibu yangu ni mazuri, usianze kuwaza, damu nayo wamesema iko sawa.

Nikaenda kwa Mzee Matiko. Yeye yu hai bado, na gome anakunywa bado, anayo magunia chini ya kitanda, na mimi ndiye niliyempa ruhusa. Nilimkuta anaota jua. Nikamwamkia, nikakaa chini kabisa, nikamwambia kwa Kikurya ile sentensi yote, hospitali, damu, kidole, yote, na sikuzunguka popote. Ilikuwa kama naenda kwenye jando upya.

Aliinua uso akanitazama. Kisha akauliza, "Hayo yule binti wa miwani aliyasema siku ile?"

"Ndiyo."

"Mbele yetu?"

"Mbele yenu. Mimi ndiye sikuyatoa. Nilimwonea baba haya."

Akachora chora chini kwa fimbo. Nilidhani ataniambia nilifanya vema, kwamba mtoto mwenye adabu asingesema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejitayarishia faraja hiyo njia nzima. Akaniambia, "Mura, kijana wangu, baba yako angekuchapa. Angekuchapa palepale mbele ya wageni wako. Kisha angekwenda."

Akaingia ndani. Mwanawe alimpeleka hospitali Jumatatu iliyofuata, wanasubiri majibu.

Angekwenda. Nimeishi miaka minane nikiamini kwamba hata ningesema, wasingesikia, wazee ni wazee. Nilikuwa nimemfanya baba yangu mjinga ili mimi nisiwe na kosa. Kumbe alikuwa mtu wa kuchapa kisha akaenda.

Huko uendako watakufundisha vipimo na najua utavishika vizuri. Siku moja utakuwa dirishani, atakuja mzee atakuambia anaumwa mgongo, na macho yake yatakuwa yanatazama pembeni. Sitakuambia ufanyeje. Nilikuwa na nafasi hiyo mimi, mbele ya kijiji kizima, na unajua nilivyoitumia. Ninachokuomba ni kwamba usiende huko ukiwa unalipa deni la mtu mwingine. Kama famasia unaipenda, isome. Kama uliichagua kwa sababu ya ile sufuria tu, basi ujue sufuria haina kesi, na una haki ya kuchagua upya, hata wiki ijayo, hata mwakani, na mimi nitatafuta namna.

Shangazi yako Wankuru anakuja leo kula nasi na kukuaga. Nitamwambia kabla ugali haujaletwa, mbele yako na mbele ya mama yako, kwa lugha yetu, kwa urefu wake. Atapiga kelele. Mwache apige, na safari hii anipigie mimi.

Barua hii nilikusudia kuificha katikati ya nguo zako, uikute ukiwa Mwanza, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nilishaichagua hadi nguo. Ndipo nikaona kwamba huo ni ujanja wa yuleyule aliyefungia vipeperushi kabatini. Kwa hiyo nitakupa mkononi. Nasikia sauti ya mama yako pale njia panda, mmerudi, na ndoo mmenunua kubwa mno. Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize kusoma, sitaenda kutazama ng'ombe.

Ukitaka kunifokea, nifokee, sitasema una utovu wa adabu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Na kesho asubuhi ukiona shikamoo yangu haitoki kinywani mwako, mwanangu, usiilazimishe. Nitakubebea begi hivyohivyo mpaka kwenye basi.

Ni mimi baba yako,
Marwa